Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Kapsuli ya Seli na Chupa ya Insulini

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wenye kisukari, wazazi wenzangu, na ninyi vijana wetu mliojichoma sindano alfajiri ya leo kabla ya kupanda daladala au kivuko kuja hapa Kirumba, Mwanza, nawasalimu.

Mwaka huu swali nililoulizwa kuliko yote halikuhusu bei ya vijiti vya kupimia sukari. Lilikuwa hili: "Mama mwenyekiti, ni kweli huko nje watu wanapandikizwa seli na kuachana na insulini?" Niliahidi kulijibu mbele ya mkutano, kwa hiyo sehemu kubwa ya taarifa hii ni jibu hilo.

Ni kweli. Ndani ya kongosho kuna vifungu vidogo vya seli vilivyotawanyika kama Ukerewe, Ukara na wenzao walivyotawanyika ziwani. Vinaitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Mjerumani aliyevieleza mwaka 1869, na humo ndimo zinamokaa seli beta zinazotengeneza insulini, kichocheo kinachoshusha sukari ya damu. Kwa watoto wetu wenye kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili imezigeukia seli hizo ikaziua. Juni mwaka huu yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 12 waliowekewa seli mpya, zilizokuzwa maabara kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kupitia mshipa unaoingia kwenye ini. Baada ya mwaka mmoja, 10 kati yao walikuwa hawatumii tena insulini. Nilipopata habari hiyo nililia, wala sioni haya kulisema. Miaka tisa sasa naamka saa tisa usiku kumpima mwanangu.

Lakini seli hizo ni ngeni mwilini, hivyo wagonjwa hao hutumia dawa za kushusha kinga ili zisishambuliwe. Katika utafiti huohuo mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na fangasi. Sisi tunaishi na malaria na kifua kikuu mlangoni. Nani kati yetu atakubali mtoto wake ashushwe kinga, kisha amrudishe kijijini? Mimi sitakubali. Kwa maoni yangu, tiba itakayotufaa watu wa ziwa hili ni ile isiyotudai kinga yetu, na ndiyo sababu naifuatilia sana kapsuli, yaani kifuko kidogo kinachofungiwa seli kabla ya kuwekwa mwilini.

Wenye vizimba vya sato wataielewa haraka kuliko nilivyoielewa mimi. Wavu wa kizimba unapitisha maji na hewa. Sato hawatoki, fisi maji haingii. Kapsuli nayo ina vitundu vidogo mno: sukari na oksijeni vinaingia, insulini inatoka, askari wa kinga wanabaki nje. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1980 watafiti wawili, Lim na Sun, walifunika visiwa vya Langerhans kwa vitone vya alijineti, ute unaopatikana kwenye mwani wa kahawia, wakawapandikiza panya wenye kisukari, na sukari yao ikatulia kwa wiki kadhaa. (Mwani huo si ule wanaolima akina mama wa Zanzibar, wao hulima mwani mwekundu, ambao hutoa ute wa aina nyingine.)

Mwenye kizimba anajua pia balaa lake. Wavu usiposafishwa unazibwa na uchafu na majani, maji hayapiti, na sato wanakufa kwa kukosa hewa bila adui kumgusa hata mmoja. Mwili nao ukikuta kitu kigeni hukizungushia utando wa kovu, na seli beta ni walaji wakubwa wa oksijeni. Kampuni ya ViaCyte ya Marekani ilianza kuijaribu kapsuli yake kwa binadamu mwaka 2014 na ikakwamishwa na kovu hilo. Vertex, kampuni ileile iliyofanya utafiti wa wale wagonjwa 12, ilitengeneza kifaa chake cha kufungia seli. Machi mwaka huu ikatangaza kukisitisha, kwa kuwa insulini iliyotoka haikutosha kumsaidia mgonjwa.

Watafiti wa Uppsala, Sweden, wamepita njia nyingine: wamezibadili jeni za seli ili kinga isizitambue, wakazipandikiza kwenye msuli wa mkono wa mtu mmoja bila dawa za kushusha kinga. Wiki 12 baadaye zilikuwa hai na zinatoa insulini. Kipimo cha seli kilikuwa kidogo, bado anajichoma insulini.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu ya jambo lililotuumiza mwezi wa saba. Bibi mmoja, mwanachama mwenzetu, aliuziwa unga na mtu aliyemwambia una seli shina. Mjukuu wake akaachishwa insulini. Siku ya tatu alifikishwa hospitali akihema kwa nguvu, damu imejaa asidi. Amepona, na leo yupo nasi. Seli hai haikai kwenye unga wa kukoroga. Anayewaambia hivyo mleteni kwetu, lakini chupa ya insulini isiondoke nyumbani hata siku moja.

Kazi nyingine za chama ziliendelea. Tumewafundisha wazazi wa visiwani kuhifadhi insulini kwa mitungi miwili, mmoja ndani ya mwingine na mchanga mbichi katikati, na wengi wanasema dawa haiharibiki tena kama zamani. Mikutano ya vijana ilisuasua. Kosa ni letu viongozi.

Naomba mkutano upitishe mambo mawili. Fedha za fulana za Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, zinunue vijiti vya kupimia kwa watoto wa visiwani. Na kila mzazi mpya aelezwe habari hii ya kapsuli siku ya kwanza anapojiunga, kabla wenye unga hawajamfikia.

Mweka hazina, karibu usome hesabu.