Kwa binamu yangu aliye Muscat, kuhusu namba 17

Binamu,

Shikamoo hupati kwangu. Umenipita miezi minne tu, na vita hiyo uliishindwa tangu tukiwa watoto. Pokea salamu kavu. Gemu uliyoitengeneza nimeipata. Mpwa wako ndiye aliyenirushia Ijumaa iliyopita, kwa hiyo kama ulikusudia isinifikie, gombana naye. Nimeiweka kwenye simu, naiendesha kwa EasyRPG, programu ya kuchezea gemu za aina yake, na kwa siku tatu nimelala nayo kifuani mpaka mke wangu akaniuliza kama nimerudi darasa la sita.

Nimeimaliza.

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wangu una tiki moja tangu Idi ile. Watu watakaosoma, wasome.

Nianze na kaa, maana wale kaa walinitesa. Katika toleo la kwanza, kutoka gatini hadi sokoni ni hatua kama thelathini, na mimi nilivamiwa mara saba. Kila nikinyanyua mguu, skrini inapasuka, muziki unabadilika, kaa. Sasa wanatoka mara moja au mbili, inatosha, mtu anapata nafasi ya kutazama ulivyochora maji. Dawa nayo umeishusha bei. Zamani chupa moja ilikuwa sarafu 80 na kaa analipa 3, hesabu ya kumfukarisha mtu makusudi. Na yule mvuvi wa gatini hagandishi tena mchezo. Kwa wasiojua: kwenye RPG Maker, programu uliyoitengenezea gemu hii, unaweza kuandika tukio linalojianzisha lenyewe, lakini usipoweka swichi ya kulizima likiisha, linajirudia milele. Shujaa anasimama kama nguzo, muziki unaendelea kupiga, na huna la kufanya ila kufunga kila kitu na kurudi pale uliposevu. Mimi nilikuwa sijasevu kwa dakika arobaini. Nilikutukana, na tusi hilo silifuti.

Nilitoa ile orodha yangu ya zamani nikaanza kuweka alama moja baada ya nyingine. Makosa 41. Umerekebisha 39. Yamebaki mawili, namba 17 na namba 18, na hayo hukuyarekebisha, umeyafungia ndani. Nitafika huko.

Unakumbuka Final Fantasy VI kwenye kompyuta ya dukani kwa baba yako. Mchezo ulitoka Japani mwaka 1994, sisi tumekuja kuupata watu wa huko wameshausahau, nao tukaucheza kwa kamusi ya Kiingereza iliyokatika jalada. Majina ya wahusika unaruhusiwa kuyabadili, lakini nafasi ni herufi sita. Langu likaenea. Lako lina herufi nane, tukalikata mkia, na mpaka leo nyumbani kwetu kuna wanaokuita kwa jina lile lililokatwa bila kujua lilitoka wapi.

Na kile kisiwa. Celes, mhusika unayemwendesha, anaamka, dunia imeshaharibika, mzee Cid yuko hoi kitandani, na kazi yako ni kumvulia samaki. Sisi tukavua wale wanaoogelea polepole maana ndio wanaokamatika. Cid akafa, Celes akajirusha jabalini, na wewe ukalia ukasingizia moshi wa jiko. Bibi alikuwa mlangoni anachambua mchele.

“Kafa?”

“Kafa, bibi.”

“Mlikuwa mnampa nini?”

“Samaki.”

“Samaki gani?”

Tukamwonyesha. Akatazama kioo kwa muda, mke wa mvuvi miaka hamsini, kisha akasema, “Samaki anayezubaa ni mgonjwa huyo. Hata paka humpi.” Tukarudia, tukawavizia wale wenye mbio, Cid akapona. Ndivyo mchezo wenyewe ulivyotengenezwa, samaki wenye mbio wanaponya na wale wazito wanaua. Bibi akauhesabu ushindi ule kuwa wake. Kila tukimtembelea anauliza, “Yule mzee wenu wa kisiwani hajambo?”

Kwa hiyo usidhani sikujua ulikoitoa ile safari ya kumpelekea bibi mgonjwa uji kwenye gemu yako. Nilijua tangu kikombe cha kwanza.

Sasa la ushauri. Ulipoanza, ulijaza gemu nzima nyuso za Chrono Trigger, gemu ya watu ya Kijapani. Kijiji ni Pangani mtupu, pantoni ipo, Bweni iko ng'ambo, halafu muuza samaki ana nywele za Crono, shujaa wao. Mimi ndiye niliyekwambia uziondoe. Nikakupa habari ya Crimson Echoes, wale mashabiki walioijenga juu ya Chrono Trigger kwa miaka, na Mei 2009, karibu kabisa na kuitoa, ikaja barua ya Square Enix, wenye Chrono Trigger, ya kuwasimamisha. Nikakuongezea ya Pokémon Uranium, nayo ya mashabiki: kazi ya miaka tisa, ikatolewa Agosti 2016, ikapakuliwa zaidi ya mara milioni 1.5, na kabla mwezi haujaisha wenyewe wameshaondoa viungo kwa kuwaogopa wanasheria wa Nintendo. Ukanuna wiki mbili. Kisha ukaanza kuchora kila uso kwa mkono wako, mraba wa pikseli 48 kwa 48, na ukainunua hata RPG Maker 2003 yenyewe, ile iliyouzwa rasmi kwa Kiingereza kuanzia 2015, ukanitumia risiti kama mtu anayeonyesha cheti cha ndoa. Sifa ya hilo mimi sikupewa. Si kitu. Ila kumbuka kwamba bila mimi zile nyuso zisingekuwepo, wala uso wa bibi usingekuwepo, na bila uso wa bibi lisingetokea lile lililotokea.

Idi ile, sebuleni kwenu Ngamiani. Umetoka Muscat siku mbili nyuma, laptopu umeiunga na televisheni, watoto wamekaa kwenye mkeka, shangazi kwenye kochi la pembeni na kanga yake mpya. Ukanipa kibodi. Ukasema, “Cheza, mimi sisemi neno. Usinionee haya, nipige tu.” Maneno yako hayo. Na hukusema neno kweli, nakupa haki yako. Mtengenezaji akikaa nyuma ya mchezaji na kuanza “hapo bonyeza hivi, hapo nenda kulia”, hakuna kinachojaribiwa. Wewe ulikaa kimya saa nzima na nusu unang'ata ukucha.

Nikavuka pantoni na uji. Nikarudi. Nikavuka tena. Mara ya nne nikaingia kwa mlango wa uani, chumba kikawa giza, muziki ukakatika, sanduku la maneno likafunguka. Kushoto uso wa bibi, vile ulivyouchora, na kipini puani. Kulia maneno:

“Tangu alfajiri bibi yetu ameanza kunya”

Basi. Hapo ndipo mstari ulipoishia.

Nilicheka, binamu. Si kutabasamu, nilicheka mpaka nikaangukia mto. Watoto nao wakaanza, wale wadogo wakalisoma kwa sauti, mara mbili, mara tatu, kwa kuimba. Nikawaza nikuangalie nikashindwa kwa kicheko. Shangazi akainuka akaenda jikoni, na nilisikia maji yakifunguliwa bombani yakaachwa yatiririke. Wewe ulikwenda nyuma ya televisheni ukachomoa waya. Ukaukunja vizuri. Ule utaratibu wako wa kukunja waya ndio ninaouona nikifumba macho, unauzungusha kwenye kiganja, unafunga ncha. Hukupiga kelele. Laiti ungepiga.

Usiku wake nikakutumia orodha. Namba 17, naikumbuka neno kwa neno: “Bibi anakunya. Rekebisha.” Namba 18: “Kama atakufa tu hata nikileta nini, usinichoshe kuvuka mara nne.”

Nijitetee kidogo, maana wewe umenihukumu bila mimi kuwepo. Mtu akikuomba umjaribie gemu, unamdai ukweli na yeye anakudai ukweli. Wanaosema “nzuri sana kaka, hongera” hawajavuka hata daraja la kwanza. Mjaribu mzuri anasema alikwama wapi, alichoka wapi, alifanya nini kabla mchezo haujaganda, na aliposevu ni faili gani kati ya zile kumi na tano. Hashauri hadithi iandikwe upya. Mimi nilikaa siku mbili za Idi nakuandikia makosa 41 yenye jina la ramani na mahali pa kusimama. Nani mwingine alifanya hivyo? Rafiki zako wa huko walikutumia vidole gumba. Na namba 17 ilikuwa kosa la kweli, huwezi kubisha. RPG Maker 2003 inakupa herufi 50 kwa mstari, lakini ukiweka picha ya uso zinabaki 38, zinazozidi zinamezwa na ukingo. Mstari wako una herufi 42. Ulipouandika mwanzo ulienea. Kisha ukamchora bibi, ukataka aonekane, ukamweka pembeni, na neno “kunyamaza” likakatwa mkia kama jina lako.

Hili la herufi nimelielewa juzi. Wakati ule sikuhesabu, nilidhani ni uzembe.

Namba 18 siwezi kuitetea hivyo hivyo. Kwa kanuni za utengenezaji iko sawa, mchezaji ukimzungusha mara nne bila matokeo kubadilika anakuona tapeli. Lakini mimi sikuiandika kwa sababu ya kanuni. Niliiandika kwa sababu ya fulana ya njano.

Shujaa wako amevaa fulana ya njano. Ile fulana ni yako. Na anabeba chupa ya uji kutoka mjini Pangani, anapanda pantoni, anashuka Bweni, anaingia uani. Binamu, wewe ulikuwa Muscat. Aliyekuwa akivuka ni mimi. Kila jioni nikitoka kazini, mke wangu ananifungia uji wa mchele, pantoni ikiwa imesimama natafuta mtumbwi, wiki tisa. Chupa yenyewe ilikuwa nyekundu yenye maua, na kwenye gemu ni nyekundu yenye maua, kwa maana niliwahi kukutumia picha yake. Sikudai unishukuru. Pesa ya dawa ulituma, kila mwezi, kwa wakati, na nilikwambia asante. Lakini kukaa mbele ya watoto wa ukoo mzima nikaendesha kwa vidole vyangu mtu aliyevaa nguo zako akifanya nilichofanya mimi, halafu kichekesho kikajitokeza chenyewe kwenye skrini. Ningezuia vipi? Pengine ningeweza. Mwenye kutaka kuzuia huuma ulimi, na mimi sikuuma.

Na wewe una lako. Shangazi alipolazwa mwaka jana nilimpeleka mimi, nikakaa naye mimi, na habari za hali yake ukawa unaziuliza kwa mpwa wako wa miaka kumi na sita. Mtoto anatumwa kati yetu kama barua. Hiyo nayo iandike kwenye orodha, namba yoyote.

Jumapili, baada ya kuimaliza, nilirudi nyuma kwenye mazungumzo yetu ya zamani nikitafuta ile picha ya chupa. Nikapitiliza. Nikafika siku yenyewe. Saa 12 asubuhi na dakika chache, ujumbe kutoka kwangu kwenda kwako: “Tangu alfajiri bibi yetu ameanza kunyamaza.”

Ni sentensi yangu. Uliinakili kama ilivyo, hukugusa herufi.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia gemu imeganda.

Katika toleo jipya, nyumba ya bibi ipo pale pale, mpapai uko pale pale. Ukienda mlangoni ukabonyeza, linakuja sanduku tupu lisilo na uso: “Mlango umefungwa.” Jirani anakwambia bibi alishaondoka, hadithi inaruka, unapewa mtumbwi, unaendelea na bosi wa mikokoni. Mtu asiyejua hataona kitu. Mimi nilibonyeza ule mlango mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Nilijaribu kurudi na uji. Nilijaribu na ufunguo wa ghala.

Kisha nikafanya kazi yangu. Mjaribu husukuma kila ukuta, unanijua. Nikazunguka nyumba nikiuegemea ua wa makuti kigae kwa kigae, yaani mraba mmoja mmoja wa ramani, na kigae kimoja ulisahau kukizuia. Nikapita. Na kule nyuma, mlango wa uani uliufuta sura tu, tukio lake la kuhamisha ramani umeliacha.

Nimeingia, binamu. Chumba ni kile kile cha vigae 20 kwa 15, kidogo kabisa kinachoruhusiwa. Kitanda kitupu. Hakuna muziki. Chupa nyekundu iko juu ya kigoda, nikasimama mbele yake nikabonyeza, na bado inajibu: “Uji ungali wa moto.”

Hiyo ndiyo hitilafu namba 42. Ni kigae gani, sikwambii.