Risala ya Umoja wa Vibarua wa Usafi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wanachama wenzangu, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mazito ukaja kukaa nasi. Sisi ni wafagiaji, wapiga deki na wafuaji mashuka wa hospitali na maofisi. Umoja wetu ulizaliwa baada ya Shirika la Afya Duniani kuitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia, Machi 2020, wenzetu walipofukuzwa kazi wakakosa pa kulalamika. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa: tumesajiliwa, tuna akaunti benki, tuna mfuko wa kufa na kuzikana, na viti mlivyokalia leo ni mali yetu wenyewe.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja, na ndilo lililotufanya tukualike.

Wakati wa janga, wenye ajira za kudumu waliambiwa wafanyie kazi nyumbani kwa mshahara kamili. Deki haipigwi kutoka nyumbani, kwa hiyo sisi tuliendelea kuingia wodini. Barakoa na glavu ziligawiwa kwa orodha ya waajiriwa, na majina yetu yako kwenye daftari la wakala anayetupeleka kufanya kazi kwenye majengo hayo. Aliyekohoa alirudishwa getini bila ujira. Aliyeugua akapona alikuta nafasi yake ina mtu mwingine. Wajawazito na wenye kisukari waliambiwa wakapumzike kwa usalama wao, na hawakuitwa tena. Basi watu wakawa wanaficha homa na kuingia nayo kazini, maana kusema ukweli kulikuwa ni kuwalaza watoto njaa. Ubaguzi ule uliwafikia hata wagonjwa tuliokuwa tukiwasafishia vitanda.

Hatuombi hisani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa inayomkabili. Mwaka 2022 usalama na afya kazini viliingizwa miongoni mwa haki za msingi za kazi, na Juni 2025 ukapitishwa mkataba namba 192 kuhusu hatari za kibaiolojia kazini, virusi vikiwemo. Yote hayo ni maneno matupu kwa kibarua mpaka yaingie kwenye kanuni zinazombana wakala wake. Tunataka likizo ya ugonjwa yenye malipo, siku za karantini zihesabiwe kuwa siku za kazi, na mtu asifukuzwe kwa kuugua. Mwenye jengo naye abanwe pamoja na wakala, kwani kila tunapodai wawili hao hutupiana mpira.

Mheshimiwa, hatuombi kwa mara ya kwanza. Waliokutangulia kwenye kiti hicho walitupigia makofi, wakachukua nakala za risala, wakatuambia suala letu linafanyiwa kazi. Tunawashukuru kwa kufika. Majibu bado tunayasubiri, na baadhi ya waliozisikia ahadi hizo wamekwisha kuachishwa kazi bila stahiki zao.

Ndiyo maana leo hatukuandaa harambee, ingawa mfuko wetu una pengo. Rasimu ya kanuni tumeiandika wenyewe, iko kwenye bahasha mbele yako. Tunakuomba uifikishe kwa waziri mwenye dhamana ya kazi na, kabla hujaondoka, ututajie mbele ya mkutano huu tarehe ya kutuletea jibu. Katibu ameacha nafasi ya tarehe hiyo kwenye muhtasari.

Tunaomba kuwasilisha.