Wateja wa biashara za nyumbani

Mhariri,

Kanuni za mipango miji zinazoruhusu biashara ya nyumbani huku zikimkataza mwenye nyumba kupokea mteja hata mmoja zinawaumiza wasiomsumbua mtu, kwani fundi cherehani hawezi kumpima mteja mabega kwa simu. Kinachowaudhi majirani ni gari lililoziba lango lao na kelele za usiku, mambo ambayo yanaweza kudhibitiwa moja kwa moja kwa kupanga saa za kazi na kutaka wateja waje kwa miadi na kuegesha ndani ya kiwanja. Kuweka kikomo cha wateja kwa siku ni rahisi kuandika lakini ni vigumu kusimamia (nani atakaa langoni na daftari?). Afadhali halmashauri ichunguze kwanza malalamiko yaliyopo, ndipo ifikirie kufuta kibali cha biashara husika.

Msomaji wako