Barua kwa Zaina, kabla ya Jumatatu

Makorora, Tanga

Zaina mwanangu,

Nimefurahi Rehema kapata nafasi ya kupimwa mikono. Nakuomba kitu kimoja: usimsaidie. Nakujua. Mtoto hajanyoosha mkono, wewe ushamfungulia chupa. Ukiulizwa, unajibu swali halijaisha.

Kile kipimo cha Uswidi cha ngazi 5, cha watoto wa miaka 4 hadi 18 wenye mtindio wa ubongo, hakitafuti siku mtoto aliyofanya vizuri kuliko zote. Kinataka ya kila siku: kula, kuvaa, kucheza, mikono yote miwili kwa pamoja. Wa ngazi ya 1 anashika vitu bila shida, wa 5 hawezi kushika. Na atakayeulizwa ni wewe unayeishi naye. Ukisema "anaweza" kwa sababu alifunga vifungo siku ya Idi, utampandisha ngazi isiyo yake.

Waambie chenza analibana tumboni kwa kigasha cha kulia, analimenya kwa kushoto, kidole gumba cha kulia kimejikunja ndani ya kiganja. Huo mkono una kazi yake hapo, kuegemeza, na ndiyo wanayotaka kuiona. Wengine humpa mtoto michezo ya mikono miwili wakampiga video, waone mkono mnyonge unaingia wenyewe au mpaka usukumwe. Kaa pembeni, mikono yako uikalie. Usimsaidie, Zaina.

Na kula useme pia: anakula kwa kushoto. Usione haya. Hapa nyumbani kuna watu walikuwa wakimchapa kikofi, ati ashike tonge kwa kulia, na mmoja wao kafanya kazi wodi ya watoto mpaka kastaafu. Haya, yamepita. Wewe ndiye uliyeona mapema, mtoto hajatimiza mwaka anachagua mkono, sisi tukasema huyo wa mashoto tu. Macho unayo. Ulimi ndio unaokimbia.

Kadi yake ya kliniki usiisahau, wewe na karatasi hamsikilizani.

Bati la jikoni linavuja tena, juu ya mafiga kabisa. Kaka yako kaahidi misumari tangu Shaabani. Ukituma chochote mpitishie Bi Mwanahamisi, simu yangu haikai na chaji.

Mama yako