Mafuta ya breki yabadilishwe, sio kuongezwa tu

Mhariri, salamu sana. Sisi tunaopenda kufungua magari yetu wenyewe nyumbani hapa Kampala tunajua kubadilisha oili ya injini, plagi, hata pedi za breki, lakini mafuta ya breki jamani tunayasahau kabisa, mtu ananunua gari yuzdi na anaendesha miaka na miaka kazi yake ni kuongezea juu tu. Haya mafuta yananyonya unyevu wa hewa. Sasa ukitoka Kapchorwa kushuka Mbale, zile kona zote mguu uko kwenye breki, yanapata moto mpaka yale maji ndani yanakuwa mvuke, unakanyaga pedeli inaenda mpaka chini na gari haisimami!

Fungua kifuniko cha kichupa cha mafuta ya breki uangalie, yakiwa meusi kama chai ya rangi mwaga, weka mapya, toa hewa iliyo ndani ya mipira ya breki (sio ya tairi) gurudumu moja moja, na hata yakiwa bado masafi miaka 2 ikifika badilisha. Aina za mafuta ya breki zinazoandikwa DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika, DOT 5 usiiguse maana ni silikoni, haichanganyiki na hizo. Naomba mafundi wa gereji pia wawe wanamuuliza mteja alibadilisha lini mafuta haya, hasa wenye taksi za milimani.

Msomaji wenu, Kampala