Kwa mpwa wangu: huyo rais si muhuri

Mpwa wangu,

Jumapili pale kwa mama yako, Nkuhungu, ulisema nchi yenye rais asiyetawala inapoteza bure fedha za walipa kodi, kwa kuwa mtu huyo ni muhuri tu wa waziri mkuu. Nakuelewa. Sisi wa Dodoma tunaishi jirani na Ikulu ya Chamwino, na Katiba yetu, ibara ya 37, haimlazimishi Rais kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale sheria inapomtaka. Ukizoea hivyo, rais wa Ireland au India utamwona hana kazi. Mimi nasema anayo, ila ni ya siku chache mno, na hizo ndizo siku ambazo raia anamhitaji.

Katiba ya Ireland ya 1937 inambana rais kweli kweli. Wananchi humchagua wenyewe kwa miaka 7, lakini hatoki nje ya nchi bila ridhaa ya serikali. Hata hivyo, ibara ya 26 inamruhusu, akishalisikiliza baraza la washauri wake, kupeleka muswada Mahakama ya Juu kabla ya kuusaini. Mwaka 1976 serikali ilileta muswada wa kumweka mtu kizuizini siku 7 bila mashtaka. Rais Cearbhall Ó Dálaigh, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu, akaupeleka huko. Majaji waliupitisha, lakini wakaandika kwamba aliyekamatwa bado ana haki ya wakili, ya daktari na ya kufika mahakamani. Rais angesaini kimyakimya, maneno hayo yasingeandikwa siku ile. Naye akausaini. Waziri wa Ulinzi akamtukana mbele ya wanajeshi, waziri huyo akabaki kazini, na rais akajiuzulu kulinda heshima ya kiti. Mtu huyo namheshimu sana.

Sasa tazama India. Usiku wa tarehe 25 Juni 1975, Rais Fakhruddin Ali Ahmed alisaini hali ya hatari kwa ombi la Waziri Mkuu Indira Gandhi, kabla Baraza la Mawaziri halijakaa. Mawaziri waliambiwa asubuhi. Wapinzani wakajaa magerezani. Hapo ungesema muhuri, nisingebisha. Lakini Wahindi hawakukifuta cheo. Mwaka 1978 waliandika kwamba rais hatangazi hali ya hatari mpaka apate uamuzi wa Baraza kwa maandishi, na kwamba anaweza kurudisha ushauri mara moja ufikiriwe upya. Ukirudi vilevile, anaufuata.

Ethiopia ni habari nyingine: rais asiposaini ndani ya siku 15, sheria inaanza kutumika bila yeye. Lakini hilo limetokana na walivyoandika katiba, usikitwike lawama cheo chenyewe.

Jambo ninalotaka ulipime ni hili. Kwetu, Bunge likipitisha tena kwa theluthi mbili muswada ambao Rais aliukataa, ana siku 21: asaini au alivunje Bunge. Rais wa Ireland hawezi kulivunja bunge kwa kuamua tu. Anachoweza ni kumkatalia waziri mkuu aliyepoteza wingi wa wabunge anapoomba livunjwe. Ukija likizo, niambie yupi kati yao ungependa ashike kalamu siku ambayo muswada wa kizuizini unakuhusu wewe.

Mjomba wako,
Dodoma