Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa wilaya yetu: tunaomba kibali cha kufundishia historia nje ya darasa

Ndugu Afisa Elimu,

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Barua tatu nilizokuandikia tangu mwaka jana, zote kwa kupitia kwa mkuu wangu wa shule kama utaratibu unavyotaka, hazijapata jibu la kukubali wala la kukataa, na ndiyo maana hii ya nne ninaiandika mbele ya watu wote. Sikusudii kukuvunjia heshima. Nimefundisha historia kwa miaka 19, yote katika shule za kata za huku kusini, na katika miaka hiyo sijawahi kuruka ngazi hata moja ya utawala. Leo nimeshindwa kuendelea kunyamaza.

Jumanne iliyopita nilikabidhiwa barua ya kutakiwa kujieleza kwa nini wanafunzi 81 wa kidato cha kwanza walikutwa chini ya mkorosho saa za masomo, wakiwa, kwa maneno ya barua hiyo, wamekaa bila utaratibu pamoja na mtu asiye mwalimu. Huyo asiye mwalimu ni mzee wa miaka 88 ambaye nilitembea kilomita sita kwenda kumwomba aje. Na utaratibu ulikuwepo. Wanafunzi walikuwa katika makundi manane. Kila kundi lilikuwa na maswali yake matano yaliyoandikwa siku mbili kabla, lilikuwa na mwandishi, na lilikuwa na mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza tu, ili baadaye atuambie ni wapi mzee alisema “niliona” na ni wapi alisema “niliambiwa”. Mtoto wa miaka 14 anayeweza kutenganisha maneno hayo mawili ameshaanza kuijua kazi ya mwanahistoria, na hakuna ubao uliowahi kumfundisha hilo katika darasa langu.

Naomba nieleze walichokuwa wakijifunza, kwa sababu barua niliyopewa haikuuliza. Nyuma ya uwanja wetu wa mpira lipo tuta refu la udongo ambalo wanafunzi hulipita kila siku wakienda kuteka maji. Mwaka jana niliwafundisha wenzao Mpango wa Karanga kwa chaki na ubao: kwamba Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, kwamba mwaka 1947 ilianza kufyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea ili ilime karanga kwa matrekta, na kwamba mwaka 1951 mpango ulisitishwa baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36. Walinakili, wakakariri, na kwenye mtihani wengi wao walitaja sababu tano za kushindwa kwake bila kukosea. Kisha nikawauliza lile tuta ni la nini. Darasa zima likasema ni barabara ya Wajerumani. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ndipo ilipopita reli ya kutoka Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo hizo walizotoka kuzipatia alama, ikang'olewa mapema miaka ya 1960. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na aibu kubwa, maana walichoshindwa wao nilikuwa nimeshindwa mimi kuwafundisha.

Safari hii tulianzia kwenye tuta. Tulilipima kwa hatua, tukalichora, tukatandaza kamba ya katani yenye mafundo ya miaka kuanzia 1945 hadi leo, kila mwanafunzi akafunga kipande cha karatasi kwenye mwaka aliozaliwa mzazi wake na babu yake. Ndipo tukamkaribisha mzee. Alikuja na msumari wa reli ambao nyumbani kwake huzuia mlango usijifunge, akauzungusha mkono kwa mkono huku akieleza jinsi baba yake alivyoajiriwa kufyeka pori, na jinsi yeye mwenyewe akiwa mtoto alivyokimbia mara ya kwanza aliposikia muungurumo wa trekta. Msichana mmoja ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake aliinua mkono akauliza: “Babu, kama reli ilikuwa yetu, nani alisema ing'olewe?” Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akamjibu kwamba haikuwa yetu. Pale pale ukazuka ubishi wa kweli, wengine wakisema mpango uliwadhulumu wazee wetu, wengine wakisema bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ilijengwa kwa ajili yake na ipo hadi leo, na tukakubaliana kwamba kipindi kinachofuata kitakuwa mdahalo. Wathibiti ubora walifika katikati ya ubishi huo. Mdahalo haujafanyika, kwa sababu nimeelekezwa nisitoke tena darasani hadi shauri langu litakapomalizika.

Ndugu Afisa Elimu, sikuzua mbinu hizi. Mtaala wa umahiri, unaomtaka mwanafunzi aweze kutenda na si kukariri tu, tunao tangu mwaka 2005, na ule ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza mwaka 2024, umetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mwanafunzi anaweza kumuuliza babu yake swali na kujibiwa. Nawe mwenyewe, katika semina ya mwaka juzi, ulisimama mbele yetu ukatuagiza tuache kuwasomea watoto notisi. Uliahidi mambo matatu: vipindi viwili vya historia kuwekwa mfululizo katika ratiba, nauli ya safari moja ya Kilwa kwa kila shule, na kibali cha mwaka mzima cha kutoka nje ya darasa na kuwaalika wazee. Tulipiga makofi. Nami nilipiga, na niliyaandika maneno yako katika daftari langu, ukurasa ambao bado ninao.

Vipindi havikuunganishwa. Nauli sikuiona, na hilo nimeshalisamehe, ingawa inaniuma kuwachorea wanafunzi Husuni Kubwa, jumba la kale la masultani wa Kilwa, kwa chaki wakati magofu yenyewe ya Kilwa Kisiwani, yaliyotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, yapo katika kanda yetu hii hii. Nilikwenda kwa fedha zangu, nikapiga picha, nikazichapisha kwa fedha zangu, na sasa zimechakaa kwa kupita mikono mingi. Kamba ya katani nilinunua mimi, chai ya mzee nilinunua mimi. Sidai kurudishiwa hata senti moja.

Ninachokidai ni kile kibali, kwa kuwa kukikosa kumetugharimu kitu kisichorudishika. Katika barua yangu ya pili nilikutajia wazee wawili walioishi kandokando ya reli. Mmoja wao alikuwa mfanyakazi wa stesheni, na alikuwa ameniambia kwamba angetuimbia nyimbo za wapasua mataruma. Nilisubiri jibu lako mwezi wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Masika yaliyopita tulimzika. Maswali ambayo wanafunzi walikuwa wamemwandalia bado yamo katika daftari, na chini yake hakuna jibu.

Sijui kwa hakika kinachokwamisha. Nahisi ni hofu ya mtoto kuumia njiani lawama ikaangukia ofisini, na hofu hiyo naielewa, kwani mimi ndiye ninayewahesabu watoto wakienda na wakirudi. Pengine pia ni jedwali la ufaulu, ambalo humhesabia mwalimu alama na halimhesabii tuta. Lakini mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee kuhusu Vita vya Maji Maji, miaka 63 baada ya vita hivyo kuanza, na sehemu kubwa ya tunachokijua leo kutoka kwa wananchi wenyewe kilipatikana kwa kukaa nao barazani. Tangu mpango wa karanga usitishwe imeshapita zaidi ya miaka 70. Waliouona wakiwa watoto wanahesabika, na katika kata yetu mimi ninawajua watatu tu: huyu wa mkoroshoni, bibi mmoja ambaye macho yamepotea lakini kumbukumbu haijapotea, na mzee mwingine ambaye miguu imevimba na hawezi tena kutembea, hivyo itabidi sisi ndio tumfuate.

Barua ya kujieleza nitaijibu ndani ya siku saba kama nilivyoagizwa. Kama ipo adhabu, nitaipokea. Naomba tu kwamba kabla ya muhula huu kufungwa utie saini kibali kile ulichotuahidi, hata kama ni cha shule yetu peke yake, hata kama ni cha kipindi kimoja kwa wiki. Nyumbani kwa yule mzee mwenye miguu iliyovimba ni mwendo wa dakika 40 kutoka shuleni, na wanafunzi wameshaandika maswali.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia
Shule ya sekondari ya kata